Wenziwe Walikuwa Akina Nani? Namna ya Kuwapima Wasaidizi wa Nyota wa Vikapu

Fainali za NBA, ligi kuu ya vikapu ya Marekani, zinapofika mwezi wa Juni, mechi nyingi huanza saa tisa na nusu usiku kwa saa za Mombasa, kwa hivyo wanaozifuatilia huondoka mbele ya televisheni wakati adhana ya alfajiri imekwisha kusikika. Mchana wake, iwe ni barazani Mji wa Kale au kando ya uwanja wa Makande ambako timu za KPA, yaani Mamlaka ya Bandari ya Kenya, huchezea, mazungumzo hayakomei kwenye mechi ya usiku uliopita. Atatokea wa kumtaja Michael Jordan, mwingine atamjibu kwa LeBron James, na wa tatu atauliza swali linaloonekana kuikata kesi: je, wenziwe walikuwa akina nani? Ni swali la haki, kwa sababu kila upande una wachezaji watano uwanjani na hakuna aliyewahi kutwaa taji la NBA akiwa peke yake. Tatizo ni kwamba ndani ya swali hilo mna maswali kadhaa yasiyofanana, na wanaobishana kwa kawaida hujibu kila mmoja la kwake wakidhani kwamba wanajibu lile lile.

Ninaloshikilia katika makala haya ni kwamba kipimo cha haki si majina ya wenzake nyota wala jumla ya alama walizofunga, bali ni kazi zipi walimpunguzia katika msimu ule unaozungumziwa. Timu ya vikapu ina kazi nyingi: kuupandisha mpira, kutafuta alama mashambulizi yanapokwama, kumkabili mfungaji hatari wa wapinzani, kulinda chini ya kikapu, kudaka mipira iliyogonga ubao na kurudi (ribaundi), na kurusha kutoka mbali ili walinzi wa upande wa pili wasirundikane mahali pamoja. Nyota anaweza kuwa hodari katika zote, lakini hawezi kuzifanya zote usiku baada ya usiku kwa mechi 82 na kisha mchujo wa takriban miezi miwili. Anayetaka kuwalinganisha wasaidizi wa nyota mmoja na wa mwingine inampasa aulize kila mmoja wao aliachiwa kazi ngapi mikononi.

Majina hupotosha kwa urahisi kwa sababu sifa ya mchezaji hudumu kuliko uwezo wake. Katika msimu wa 2003–04, Los Angeles Lakers waliokuwa na Shaquille O'Neal na Kobe Bryant waliwaongeza Karl Malone na Gary Payton, na kwenye karatasi kikosi hicho kilionekana hakina mfano. Lakini ilipofika fainali Malone alikuwa na miaka 40 na goti bovu, Payton alikuwa na miaka 35, na mfumo wa kocha Phil Jackson haukumpa nafasi ya kuushika mpira muda mrefu kama alivyozoea. Detroit Pistons, timu ambayo haikuwa na nyota hata mmoja wa kiwango cha O'Neal au Bryant, iliwafunga kwa mechi 4-1. Wapiga fidla wanne wenye majina makubwa hawatoshi kuwa kundi la taarabu ikiwa hakuna wa kushika ngoma, na Lakers wa mwaka huo walikosa vijana wa kukimbia nyuma na kuzuia.

Kosa hilo hutokea pia kwa kinyume chake. Mtu akiitazama leo orodha ya San Antonio Spurs waliotwaa ubingwa mwaka 2003, atamwona Tim Duncan akiwa na David Robinson, Tony Parker na Manu Ginóbili, ambao wote wamo katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huu. Atasema Duncan alibebwa. Ukweli ni kwamba Robinson alikuwa na miaka 37 na akicheza msimu wake wa mwisho, Parker alikuwa amefikisha miaka 21 tu, na Ginóbili ndiyo kwanza alikuwa ameingia katika ligi. Ukubwa wa majina hayo ulitokana na miaka iliyotangulia kwa mmoja, na iliyofuata kwa wawili. Katika mechi ya mwisho ya fainali hizo Duncan alifunga alama 21, akadaka ribaundi 20, akatoa pasi 10 za mabao na kuzima mitupo 8, jambo linaloonyesha ni kazi ngapi bado zilikuwa zake.

Njia ya pili, na ndiyo inayopendwa zaidi na wabishi, ni kuangalia timu ilifanya nini nyota alipoondoka. Kwa mtazamo wa kwanza inaonekana kama jaribio la kisayansi: mwondoe mtu mmoja, hesabu kilichobaki. Jordan alistaafu mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1993. Chicago Bulls walikuwa wameshinda mechi 57 msimu uliotangulia, na bila yeye wakashinda 55. Wasiompenda Jordan hulishika jambo hilo kama ushahidi kwamba wenziwe wangeweza kufika mbali bila yeye. Wanaompenda LeBron huongeza kwamba Cleveland Cavaliers walishinda mechi 61 akiwapo mwaka 2009–10, kisha 19 peke yake alipohamia Miami, na katika msimu huo walipoteza mechi 26 mfululizo. Tofauti ya mechi mbili kwa upande mmoja na 42 kwa mwingine: kesi inaonekana imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu katika hali zote mbili kilichoondoka si mtu mmoja tu, na kilichobaki si kile kile. Tuanze na Chicago. Mwaka ule ule Jordan alipoondoka waliingia Toni Kukoč na Steve Kerr, na katikati ya msimu akaja Luc Longley. Scottie Pippen alikuwa katika kilele cha uwezo wake na akamaliza wa tatu katika kura za Mchezaji Bora wa Msimu, huku yeye, Horace Grant na B.J. Armstrong wakichaguliwa wote watatu kucheza mechi ya Nyota Wote, ile ya kila mwaka ya wachezaji bora wa ligi. Hata hivyo wastani wa alama ambazo timu iliwazidi wapinzani wake ulishuka hadi karibu nusu ya ule wa msimu uliotangulia, ishara kwamba ushindi mwingi ulikuwa wa kuponea chupuchupu. Waliondolewa na New York Knicks katika raundi ya pili baada ya mechi saba. Mwaka uliofuata Grant alihamia Orlando, na kabla ya Jordan kurejea mwezi wa Machi 1995 timu ilikuwa imeshinda mechi 34 na kupoteza 31. Hapo ndipo inapoonekana thamani ya Grant, ambaye katika mabishano yetu hatajwi kabisa: alikuwa ndiye mdakaji wa ribaundi na mlinzi wa ndani, na alipoondoka naye, wasaidizi wale wale waliosifiwa wakawa timu ya kawaida. Mwanya huo uliendelea kuisumbua Bulls mpaka alipoletwa Dennis Rodman, na msimu wake wa kwanza hapo, 1995–96, wakashinda mechi 72 na kupoteza 10.

Kwa Cleveland nasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kikosi kilichopoteza mechi 26 mfululizo hakikuwa kile alichokiacha LeBron. Shaquille O'Neal na Zydrunas Ilgauskas waliondoka katika kiangazi hicho hicho, Anderson Varejão aliumia na kucheza mechi 31 tu, na kocha Mike Brown alikuwa ameshafutwa. Zaidi ya hayo, waliobaki walikuwa wamechaguliwa kwa miaka kadhaa kwa sifa moja, ambayo ni kucheza pamoja na mtu anayeushika mpira muda wote na kuwavuta walinzi wawili au watatu. Mchezaji aliyenunuliwa ili asimame pembeni na kusubiri pasi hawezi kulaumiwa kwa kushindwa kuipika pasi hiyo mwenyewe. Hii ndiyo sababu kuanguka kwa timu baada ya nyota kuondoka huonyesha ni kwa kiasi gani ilijengwa kumzunguka, na kuonyesha kidogo mno kama wenziwe walikuwa dhaifu alipokuwapo.

Sasa turejee kwenye kazi. Mfano unaonifundisha zaidi kuliko yote ni Philadelphia 76ers wa mwaka 2001. Allen Iverson, mtu mfupi mwembamba, aliongoza ligi kwa wastani wa alama 31.1 kwa mechi na kuifikisha timu yake fainali, na tangu hapo watu wamesema kwamba hakuna nyota aliyefika huko na wasaidizi duni kama wake. Ni kweli kwamba hakuwa na mfungaji wa pili wa kutegemewa. Lakini mwaka huo huo Aaron McKie alitajwa Mchezaji Bora wa Akiba, Larry Brown akawa Kocha Bora, na Mkongomani Dikembe Mutombo, aliyeletwa kutoka Atlanta mwezi wa Februari, akatwaa tuzo ya Mlinzi Bora kwa mara ya nne. Tuzo ya Mchezaji Bora wa Msimu ilikuwa ya Iverson mwenyewe. Timu yenye tuzo nne katika msimu mmoja inawezaje kuitwa timu ya mtu mmoja?

Jibu ni kwamba kikosi kile kilimpunguzia Iverson kila kazi isipokuwa moja. Eric Snow aliupandisha mpira na kumkabili mlinzi mkubwa wa wapinzani, ili Iverson asichoke wala asionewe kwa ufupi wake. Mutombo alifunga mlango chini ya kikapu, hivyo Iverson angeweza kuuvizia mpira kwenye njia za pasi akijua kwamba akikosa, nyuma yake pana mtu. Wengine walidaka ribaundi, na kila mpira waliodaka ulikuwa nafasi nyingine ya yeye kurusha. Alikosa zaidi ya nusu ya mitupo yake msimu huo, na bado timu ilishinda, kwa sababu ilikuwa imejengwa kuvumilia mitupo hiyo iliyokosa. Lakers waliowakabili katika fainali hawakuwa wamepoteza mechi yoyote ya mchujo. Iverson aliwafunga alama 48 katika mechi ya kwanza na 76ers wakashinda katika muda wa ziada. Kisha wakapoteza nne mfululizo, kwa sababu kazi ile moja aliyoachiwa haikuwa na wa kumpokea, na O'Neal alikuwa mzigo ambao hata Mutombo hakuweza kuuzuia. Kwa hivyo anayesema wasaidizi wa Iverson walikuwa duni na anayesema walikuwa bora wote wana haki, mmoja akizungumzia ufungaji na mwingine akizungumzia yote yaliyobaki.

Kwa kipimo hiki Pippen huonekana mkubwa kuliko takwimu zake za alama. Katika fainali za 1991 dhidi ya Lakers, Jordan alipopata madhambi mapema katika mechi ya pili, Pippen ndiye aliyekabidhiwa Magic Johnson na kumsumbua kuanzia nusu ya uwanja. Chicago walikuwa wamepoteza mechi ya kwanza. Wakashinda nne zilizofuata. Pippen pia ndiye aliyeupandisha mpira mara nyingi na kuanzisha mashambulizi, hivyo Jordan akapokea mpira akiwa tayari mahali anapotaka kufungia. LeBron wa mwaka 2007 hakuwa na mtu kama huyo. Katika mechi ya tano ya fainali ya Kanda ya Mashariki dhidi ya Detroit alifunga alama 29 kati ya 30 za mwisho za timu yake, na walipofika fainali yenyewe walifungwa na Spurs 4-0 bila ushindi hata mmoja. Ulinzi wa Cleveland ulikuwa mzuri, na hilo husahauliwa, lakini katika kushambulia nyota aliachiwa karibu kila kitu.

Kobe Bryant anatoa ushahidi ulio wazi zaidi kwa sababu ni mtu mmoja katika timu moja. Mwaka 2005–06 alifunga wastani wa alama 35.4 kwa mechi, zikiwamo 81 dhidi ya Toronto tarehe 22 Januari 2006, na Lakers wakatolewa raundi ya kwanza. Pau Gasol alipowasili Februari 2008, mtu mrefu anayejua kufunga karibu na kikapu na kutoa pasi, Lakers walifika fainali tatu mfululizo na kushinda mbili, huku wastani wa Bryant katika msimu wa 2009–10 ukiwa 27. Alama zake zilipungua kwa sababu hazikuhitajika tena zote kutoka kwake.

Lipo tatizo gumu zaidi, nalo ni kwamba nyota huwatengeneza wasaidizi wake kama wao wanavyomtengeneza yeye. Bill Russell alitwaa mataji 11 katika misimu 13 na Boston Celtics, kuanzia 1957 hadi 1969, na wenzake wengi wamo katika Ukumbi wa Heshima. Je, alishinda kwa kuwa aliwapata watu hao, au wameingia humo kwa kuwa walishinda naye? Bob Cousy alikuwa nyota kabla ya Russell kufika, hilo halina shaka, lakini kwa baadhi ya waliomfuata ni vigumu kuamini kwamba majina yao yangekuwa pale bila pete zile za ubingwa. Utah Jazz walikuwa na John Stockton na Karl Malone kwa misimu 18 pamoja. Stockton alikosa mechi 22 tu katika maisha yake yote ya ligi, na Malone naye hakuwa mtu wa kukaa nje, kwa hivyo hakuna kipindi cha maana cha kumwona mmoja bila mwingine. Stockton ndiye mwenye pasi nyingi zaidi za mabao katika historia ya NBA, 15,806, na sehemu kubwa ya alama 36,928 za Malone zilianzia mikononi mwake. Wawili hawa hawatenganishiki kwa hesabu yoyote.

Hesabu za kisasa zinajaribu. Huangalia timu inapata na kupoteza alama ngapi mchezaji akiwa uwanjani, na ngapi akiwa benchi. Zina msaada, lakini zinapomhusu nyota huwa zinapima pia udhaifu wa anayempokea na uamuzi wa kocha wa kuwapumzisha wazuri wote kwa pamoja. Denver Nuggets wakiporomoka Nikola Jokić anapopumzika, sehemu ya lawama ni ya wale wa akiba, na sehemu ni kwamba kila shambulizi la timu hupitia mikononi mwake na hakuna mpango wa pili uliofanyiwa mazoezi. Jamal Murray na Aaron Gordon, waliotwaa ubingwa naye mwaka 2023 bila yeyote kati yao kuwa amewahi kuchaguliwa Nyota Wote, walikuwa wasaidizi bora kwake hasa. Mmoja alijua kushika mpira na kufunga dakika za mwisho; mwingine alijua kukata kuelekea kikapuni mara Jokić anapogeuza macho.

Mashabiki wetu hulipita haraka suala la fedha, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloeleza kwa nini nyota mmoja hupata wenzake wengi na mwingine hukosa. Tangu msimu wa 1984–85 ligi imekuwa na kikomo cha mishahara ya timu. Kila dola anayolipwa nyota ni dola isiyoweza kumlipa mwingine, na kwa hivyo mkataba mmoja wa bei ndogo unaweza kuzaa kikosi kizima. Stephen Curry alitia saini mwaka 2012 mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne, kwa kuwa kifundo cha mguu kilikuwa kikimsumbua na klabu iliogopa. Alipogeuka kuwa mchezaji bora wa ligi akiwa bado analipwa kiasi hicho, Golden State Warriors walikuwa na nafasi ya kumlipa Andre Iguodala. Kisha mwaka 2016 kikomo kiliruka kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa mpigo mmoja, na Kevin Durant akaingia katika timu iliyokuwa imeshinda mechi 73. Pippen naye alikuwa amejifunga mwaka 1991 katika mkataba mrefu wa bei nafuu, na katika msimu wa 1997–98 alikuwa wa sita kwa mshahara katika timu yake mwenyewe. Sheria za wakati huo zilimruhusu Jordan kulipwa zaidi ya dola milioni 33, kiasi kilichozidi kikomo cha timu nzima, kwa kuwa alikuwa akirudi katika klabu yake. Ukombozi wa Bulls ulikuwa pale ambapo mtu wa pili kwa umuhimu hakulipwa thamani yake. Pippen alilalamika, na alikuwa na haki.

Nikiulizwa nani kati ya mabingwa hawa alibeba mzigo mkubwa zaidi, nitamtaja Hakeem Olajuwon wa 1994, na ninajua kwamba Mwafrika kumtaja mwana wa Lagos kutaonekana kuwa upendeleo. Houston Rockets wa mwaka huo hawakuwa na mwingine aliyechaguliwa Nyota Wote. Olajuwon alitwaa katika msimu mmoja tuzo ya Mchezaji Bora, ya Mlinzi Bora na ya mchezaji bora wa fainali. Alishika kazi mbili zilizo nzito kuliko zote, kufunga timu inapokwama na kulinda chini ya kikapu. Wenzake, Kenny Smith, Vernon Maxwell, Mario Elie, Robert Horry na kijana Sam Cassell, walimpunguzia moja kwa ukamilifu: walisimama mbali wakirusha alama tatu katika miaka ambayo timu nyingi ziliudharau mtupo huo, hivyo aliyemfuata Hakeem kwa walinzi wawili aliadhibiwa. Horry baadaye alikuwa na pete saba kutoka klabu tatu bila kuchaguliwa Nyota Wote hata mara moja. Mtu kama huyo hawezi kuonekana katika orodha ya majina makubwa, na bado nyota watatu tofauti walishinda akiwa kando yao.

Giannis Antetokounmpo ndiye anayenitatiza. Katika fainali ya Mashariki ya mwaka 2021 goti lake lilipinda katika mechi ya nne dhidi ya Atlanta Hawks, matokeo yakiwa 2-2. Milwaukee Bucks walishinda ya tano na ya sita bila yeye, Brook Lopez akifunga 33 katika moja na Khris Middleton 32 katika nyingine, huku Jrue Holiday akiendesha timu. Ni nadra nyota wa kizazi hiki kufanyiwa na wenzake jambo kama hilo katika hatua hiyo. Kisha katika fainali yenyewe, usiku wa mechi ya sita dhidi ya Phoenix Suns, Giannis alifunga alama 50, zikiwamo 17 kati ya mitupo 19 ya adhabu, na kuzima mitupo mitano. Anayetaka kumweka chini ya Hakeem kwa sababu ya mechi zile mbili alizokosa itambidi aeleze na usiku huo pia.